Jinsi ya kuitafuta BPA kwenye vyombo na vyakula vyako, na namna ya kuipunguza

Mwaka jana mdogo wangu alijifungua, na kama ilivyo kawaida yetu ndugu wakaanza kuleta vitu, khanga, beseni, neti, alafu wifi yake mmoja akaja na mfuko wa vyombo vya mtoto alivyokuwa amevitunza tangu wanae wakiwa wachanga, zaidi ya miaka kumi na tano hivi, na ndani yake kuna chupa nne za maziwa bado zinang'aa kama kioo, ngumu, ukiigonga inalia. Watu wote wakasifia. Mi nikachukua moja nikaigeuza nikaangalia kitako, nikakuta kipembetatu chenye namba 7 na chini yake herufi PC. Nikaziweka pembeni zote nne, nikakaa na wifi jikoni nikamweleza taratibu asije akaona nimeidharau zawadi yake, maana alileta kwa moyo mweupe kabisa. Yale niliyomweleza siku ile ndo naandika hapa, nimeongeza na mambo ya maabara kwa sababu nimefanya kazi ya kupima maji miaka kadhaa na swali ninaloulizwa kila siku ni lile lile, "sasa ntajuaje kama kitu changu kina hiyo kemikali?"

Kwa macho, pua na ulimi huwezi kuijua BPA, kemikali hii inayoigiza homoni mwilini. Haina rangi, haina harufu, haina ladha kwa viwango vinavyoingia kwenye chakula, na hakuna kidude cha kuchovya nyumbani kikakupa jibu la kuaminika. Unachoweza ni kuzijua njia inazopitia ukazibana. Njia kubwa ni tatu: plastiki ngumu angavu inayoitwa polikaboneti, ndo hiyo PC ya kwenye chupa za wifi, utando unaopakwa ndani ya makopo ya chakula, na karatasi za risiti. Ukizijua hizo tatu, alafu ukalijua na joto, maana joto ndo linaifungulia mlango, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

BPA ni kifupi cha bisfenoli A. Wengi wanadhani ni kitu kinachochanganywa kwenye plastiki kama rangi hivi, kumbe kwenye polikaboneti ndo tofali lenyewe, molekuli za BPA zinaunganishwa moja baada ya nyingine mpaka inatoka plastiki ngumu isiyopasuka hovyo na inayovumilia maji ya moto. Vile vile inatumika kutengeneza epoksi, ule utando mwembamba ndani ya kopo unaozuia bati lisishike kutu na chakula kisinuke chuma. Sasa kwenye ujenzi huo kuna molekuli chache zinabaki bila kushikana na wenzake, na zingine zinaachia baadae plastiki ikipigwa na maji ya moto au sabuni kali, hizo ndo zinaingia kwenye maziwa, kwenye maji, kwenye mchuzi.

Kinachoniuma ni kwamba tabia yake ya homoni haikujulikana jana. BPA ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1891 na mkemia wa Urusi Aleksandr Dianin, na miaka ya 1930 mtafiti wa London, Edward Charles Dodds, alipokuwa anatafuta dawa ya kufanya kazi kama estrojeni, yaani homoni ya kike, aliijaribu BPA kwa wanyama akaona kweli inafanya kazi hiyo japo kwa udhaifu. Polikaboneti yenyewe ikaja mwaka 1953. Kwahiyo plastiki ilipoanza kuingia jikoni mwa watu, habari ya homoni ilishaandikwa miaka mingi tu.

Alafu kuna kisa cha panya, hiki nakipenda kwa sababu kinafundisha hata kuosha vyombo. Mwaka 1998 Patricia Hunt, mwanasayansi aliyekuwa Ohio Marekani, alikuwa anachunguza mayai ya panya, na ghafla wale panya wazima wasiopewa chochote, wale wa kulinganishia, wakaanza kuonyesha mayai yenye kromosomu zilizovurugika. Wakatafuta sababu weee, mwisho wakagundua vizimba na chupa za maji za polikaboneti zilioshwa kimakosa na sabuni kali ya kupigia deki, plastiki ikalika, BPA ikamwagika kwenye maji ya panya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Sasa fikiria sisi tunavyosugua vyombo kwa majivu na steelwaya, majivu nayo ni makali kwa namna hiyo hiyo, yanafaa kwa sufuria lakini sio kwa chupa ya plastiki angavu.

Kwenye mwili inafanyaje? Chukulia homoni ni funguo na seli zina kufuli, BPA ni kama funguo ya kuchonga inayoingia kwenye kufuli la estrojeni, haizunguki vizuri kama ile halisi lakini inazungusha kidogo, na kwa mtu anayekula na kunywa humo kila siku inakuwa inazungusha kila siku. Wa kuogopewa zaidi ni mimba na mtoto mchanga, kwa sababu homoni kipindi hicho ndo zinapanga viungo vya uzazi, ubongo na mengine, BPA inavuka kondo la nyuma, na ini la kichanga halijakomaa kuichakata na kuitoa. Tafiti za wanyama zimeonyesha mabadiliko kwenye matiti, tezi dume, uzazi na kinga ya mwili. Kwa binadamu ushahidi ni wa aina nyingine, mfano mwaka 2008 watafiti walipima mkojo wa watu wazima 1,455 Marekani wakakuta wenye BPA nyingi ndo walikuwa na kisukari na magonjwa ya moyo zaidi, lakini hapo lazima tuwe wakweli, hiyo inaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, haithibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine, labda wanaokula makopo mengi wana na mambo mengine.

Na wakubwa wenyewe hawakubaliani. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2015 ilisema mtu anaweza kupata maikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku bila wasiwasi, alafu Aprili 2023 ikashusha mpaka nanogramu 0.2, ni mara 20,000 chini. Kwa mtoto wa kilo 10 ni kutoka maikrogramu 40 hadi nanogramu 2 kwa siku, na nanogramu ni gramu moja ukiigawa mara bilioni. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za namna hii ikapinga, ikasema nanogramu 200 zinatosha, na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, msimamo wake umekuwa kwamba viwango vilivyopo kwenye chakula ni salama japo kwenye chupa za watoto iliiondoa mwaka 2012. Kanada ilitangulia mwaka 2008 kutangaza inaizuia kwenye chupa za watoto, Ulaya wakafuata 2011, Ufaransa ikaitoa kwenye vifungashio vyote vya chakula kuanzia 2015, na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha marufuku ya BPA kwenye vyombo na vifungashio vinavyogusa chakula, viwanda vikapewa muda wa mpito, kwa vitu vingi mpaka Julai 2026. Mi msimamo wangu ni huu, wakati wataalam wanabishana namba, kumtoa mtoto kwenye chupa ya PC hakunigharimu chochote, kwahiyo simsubiri mtu amalize ubishi.

Kabla hatujaanza, kuna habari nzuri ambayo watu hawaambiwi. BPA haikai mwilini kama madini ya risasi au dawa ya wadudu ya DDT. Inatoka kwa mkojo, ndani ya masaa kama sita hivi nusu imeshaondoka na kwa siku moja karibu yote iliyoliwa. Inaonekana kwa kila mtu kwa sababu tunaiingiza kila siku, Marekani walipopima watu 2,517 mwaka 2003 na 2004 waliikuta kwa asilimia 93. Lakini maana yake ukipunguza leo, mwili unajua kesho. Mwaka 2011 familia tano za San Francisco zilipewa chakula kibichi kilichopikwa bila makopo wala plastiki kwa siku tatu tu, BPA kwenye mkojo ikashuka kwa wastani wa asilimia 66. Na hicho walichopelekewa ndo tunachonunua sisi sokoni kila asubuhi, mchicha, nyanya, maharage ya kupima kwa kopo, samaki wa barafu.

Haya, shusha vyombo vyote vya plastiki vya jikoni, weka mezani, na mfuniko wake, na kijiko chake, geuza kimoja kimoja uangalie kitako. Kile kipembetatu chenye mishale kina namba 1 mpaka 7. Namba sio daraja la usalama na sio idadi ya mara za kutumia kama zile meseji zinazozunguka kwenye magrupu zinavyosema, ni aina ya plastiki basi. 1 ni PET, chupa za maji na soda. 2 na 4 ni polithini, dumu, ndoo nyingi, mifuko. 5 ni polipropilini, ile ya vibakuli vya chakula vyenye uweupe wa ukungu. 3 ni PVC, 6 ni ile ya vikombe vyepesi na maboksi meupe ya chipsi. 7 ni "nyinginezo", humo ndo polikaboneti inakaa lakini inakaa na wenzake wengi wasio na BPA, kwahiyo 7 peke yake isikutie hofu, ukiona 7 na PC hapo ndo umeipata. 3 nayo niiseme, PVC haijengwi kwa BPA ila inaweza kuongezewa, alafu ina viongezeo vyake vingine vya kulainisha ambavyo navyo vinagusa homoni, mi chakula siweki humo.

Vyombo vingi havina namba, imefutika au hakikuwekewa. Hapo fanya hivi. Bonyeza kwa kidole gumba: PET inabonyea na kupiga kelele, polikaboneti haibonyei. Angalia mwanga, polipropilini ina ukungu, polikaboneti ni angavu kabisa kama glasi, mara nyingi ile ya maji ina ubluu. Alafu kuna jaribio la kuelea, hili nalipenda na halihitaji kitu zaidi ya ndoo ya maji. Chukua kipande, kijiko au mfuniko au kipande kilichokatika, kizamishe chote mpaka mapovu yote yatoke, alafu kiachie. Kikielea juu hicho ni polithini au polipropilini, maana hizo mbili ni nyepesi kuliko maji, na hazitengenezwi kwa BPA, tulia. Kikizama bado hujapata jibu, kinaweza kuwa polikaboneti, PET, PVC au hata melamini ya sahani, maana zote hizo ni nzito kuliko maji, lakini ukijumlisha na ugumu na uangavu na umri wake utakuwa umeshajua la kufanya. Usichome plastiki ili uinuse, nimeona watu wanashauriana hivyo, ule moshi ni mbaya kuliko hicho unachokitafuta.

Umri nimeutaja makusudi. Chupa ya mtoto iliyotengenezwa kabla ya 2011, angavu na ngumu, we ihesabu ni polikaboneti mpaka ithibitike vinginevyo. Na hizi zinatufikia sana kwa njia za upendo, mizigo ya mitumba, zawadi kutoka kwa shangazi aliye nje, vyombo vya kurithishana kama vya wifi. Polikaboneti haizeeki kwa sura, ndo ubaya wake, inakaa miaka ishirini bado inapendeza.

Sasa maziwa ya mtoto, hapa nakaa kidogo. Mama ukiweza kunyonyesha miezi sita ya mwanzo bila kumpa kitu kingine umemaliza habari yote. Kama anatumia maziwa ya unga, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuyakoroga kwa maji yasiyopungua nyuzi 70 ili kuua vijidudu, na huo ushauri usiuache kwa kuogopa plastiki, kuharisha kunaua kichanga haraka. Unachofanya ni kuyakoroga kwenye kikombe cha glasi au cha stilisi kilichochemshwa, yapoe mpaka ukidondoshea kwenye kifundo cha mkono yasiunguze, ndo uyaweke kwenye chupa, au mpe kwa kikombe moja kwa moja, manesi kliniki wanafundisha hivyo na kikombe kinasafishika vizuri kuliko chupa. Ukichemsha chupa ya polipropilini kuitakasa ni sawa, ila iache ipoe na isuuze kwa maji yaliyochemshwa kabla ya kuweka maziwa. Usipashe maziwa ndani ya chupa kwenye maikrowevu.

Kwa nini nashika hivi kwenye joto? Kuna jaribio la mwaka 2008 Marekani, walichukua chupa za polikaboneti mpya na zilizotumika miaka, wakaweka maji ya kawaida, zote zikaachia kiasi kile kile. Wakaweka maji yanayochemka, BPA ikatoka kwa kasi mara 15 hadi 55 zaidi. Yani joto liliamua kuliko uzee. Lakini usiseme basi ya baridi haina neno, mwaka 2009 wanafunzi 77 wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walikunywa vinywaji vya baridi kwenye chupa za polikaboneti kwa wiki moja tu na BPA kwenye mkojo wao ikapanda kwa theluthi mbili.

Na hapo tunaingia kwenye ile chupa kubwa ya maji ya dispensa, ya lita 18.9. Kuna za polikaboneti na kuna za PET, geuza usome. Ya PET ina mwili laini kidogo ukisukuma, ya polikaboneti ni ngumu kama ngoma na ndo hiyo inayorudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena na tena. Angalia pia inavyosafiri, juu ya kirikuu, juani, inashushwa dukani inakaa kibarazani siku mbili. Kama una uwezo wa kuchagua chukua ya PET, omba zile zilizowekwa ndani kivulini, na nyumbani isikae karibu na dirisha. Au rudi kwa bibi, chemsha maji, yapoe kwenye sufuria, mimina kwenye mtungi wa udongo, hiyo haina deni. Lile tanki jeusi la juu ya paa wala lisikusumbue kwa upande huu, ni polithini.

Chupa za maji za nusu lita zinazoachwa kwenye gari, kila mwaka kuna meseji inasambaa kwamba zinatoa BPA juani. Hizo ni PET, PET haitengenezwi kwa BPA. Sikuambii uache maji yachemke kwenye gari, PET ikipata moto inaachia vitu vingine, ila tukitaka watu watusikilize tuseme kitu kwa jina lake.

Makopo. Hii ndo njia kubwa zaidi kwa chakula, na EFSA wenyewe mwaka 2015 waliitaja hivyo kwa watu wengi. Chakula kinafungwa kwenye kopo kwanza alafu kopo zima linachemshwa kwa presha zaidi ya nyuzi 100 ili kukaa miaka, na ni kwenye kuchemshwa huko ndo BPA nyingi inahama kutoka kwenye utando kuja kwenye chakula, kwahiyo kopo likifika dukani jambo limeshatokea, kulihifadhi kwenye friji hakukusaidii. Mwaka 2011 Harvard hao hao waliwapa watu 75 supu ya kopo kikombe kimoja na nusu kwa siku kwa siku tano, BPA kwenye mkojo ikapanda zaidi ya asilimia 1,000 ukilinganisha na walipokula supu ya kupikwa. Siku tano tu.

Kwetu makopo ni nini, ni samaki wa kopo, maharage ya nyanya, nyanya ya kopo, tui la kopo, mahindi matamu, maziwa mazito. Sisemi usile samaki wa kopo tena, mtu ana watoto na hana friji na ile ndo protini yake, akila mara moja moja hamna shida. Ninachosema usilifanye la kila siku, hasa ukiwa mjamzito, na badilisha yale ambayo mbadala wake upo genge la jirani kwa bei ya chini: nyanya mbichi badala ya paste, au paste ya kwenye chupa ya glasi, nazi ya kukuna, maharage makavu uliyoloweka usiku. Ukitumia kopo mwaga yale maji yake, usile nayo, na usiliweke kopo lenyewe kwenye jiko la mkaa kulipasha, hili wanafunzi wa hosteli nawaomba sana. Kuna makopo mapya yana utando usio na BPA, mengine yameandikwa, mengi hayajaandikwa, na rangi ya ndani nyeupe au ya dhahabu haikwambii kitu.

Nailoni ya kufunikia wali, najua mtaniuliza. Mama ntilie wengi wanafunika sufuria la wali au viazi kwa mfuko wa plastiki uive kwa mvuke, na chapati za moto zinafungwa humo humo. Ile ni polithini, haitengenezwi kwa BPA. Lakini haikutengenezwa kukaa kwenye mvuke pia, mingi imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelewa ambayo hujui zamani ilibeba nini, na rangi yake na viongezeo vyake hakuna aliyevipima kwa joto hilo, kwahiyo jibu langu ni usifunike nayo, jani la mgomba linafanya kazi ile ile na wali unanukia vizuri zaidi.

Risiti. Zile za mashine za EFD, za ATM, za supamaketi, ni karatasi ya joto, unga wa juu yake nyingi zina BPA au ndugu yake, na humo haijashikana na kitu, inatoka kwa kugusa. Kwaruza na ukucha, ikitokea mstari mweusi hiyo ni karatasi ya joto. Dai risiti yako kama kawaida, ila isikae kwenye mfuko mmoja na vitumbua, usimpe mtoto achezee, na usiishike ukiwa na mikono yenye sanitaiza au mafuta, maana vyote vinasaidia kupenya ngozi, kuna utafiti wa 2014 Marekani ulionyesha hilo la sanitaiza. Kaunta mnaoshika mamia kwa siku nawieni mikono kabla ya kula, na mjamzito avae glavu. Ulaya tangu Januari 2020 karatasi hiyo hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.02 ya BPA.

Maandishi ya "BPA free" nayo tuyaweke sawa. Viwanda vingi viliitoa BPA vikaweka bisfenoli S au bisfenoli F, molekuli zinazofanana nayo mno, na tafiti zimeonyesha nazo zinagusa zile zile kufuli za estrojeni. Kwahiyo hiyo lebo ni bora kuliko chupa ya PC lakini sio cheti cha kukuruhusu kumimina uji wa moto. Chai, uji, mchuzi, ugali wa moto, peleka kwenye glasi, stilisi, udongo au enameli, plastiki ibebe vilivyopoa na vikavu, na ikishakwaruzika ikawa na ukungu wa mikwaruzo ipumzishe.

Kama wewe ni mzalishaji, una kiwanda kidogo cha maji au juisi, au mtafiti, unataka kipimo cha kweli, jua kinavyofanyika ili usidanganywe. Sampuli ya maji inachukuliwa kwa chupa ya glasi iliyooshwa kwa kiyeyusho na kukaushwa, chini ya mfuniko weka foili, usiguse plastiki njia nzima, kwa sababu tatizo la kwanza la kipimo hiki ni kwamba BPA iko kila mahali hata maabara kwenyewe, kwenye mipira ya glavu, kwenye bomba, kwenye vumbi. Ndo maana maabara makini inapima pia sampuli tupu, maji safi yaliyopitia hatua zote zile zile, na ukipewa majibu bila ya sampuli tupu yakatae. Maji yanapitishwa kwenye kichujio kinachokamata BPA, inaoshwa kwa kiyeyusho kidogo ili ijikusanye, alafu inaingia kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika, inaitenganisha na wenzake, na mwishoni spektromita ya masi inaipima uzito, BPA inaonekana kwenye 227. Kabla ya yote hayo wanaongeza BPA iliyowekewa alama kwa atomi nzito ili kujua kiasi gani kilipotea njiani. Kuna maabara wanatumia kigunduzi cha mng'ao badala ya spektromita, bei yake nafuu, kinafaa viwango vikubwa kidogo. Vipimo vya kingamwili vile vya haraka vinafaa kuchuja sampuli nyingi ila vinaweza kuichanganya BPA na ndugu zake, kwahiyo matokeo yake yathibitishwe.

Ukitaka kupima chombo sio maji, hawakisagi. Wanakijaza kimiminika kinachoigiza chakula, siki nyepesi ya asilimia 3 kwa vyakula vichachu, spiriti iliyozimuliwa, mafuta kwa vyakula vya mafuta, wanakiweka kwenye joto na muda unaofanana na matumizi yake, mfano siku 10 kwenye nyuzi 40, kisha wanapima kilichohamia. Kabla hujalipa uliza vitu vitatu: mnapima kwa mashine gani, kiwango cha chini mnachoweza kuona ni kipi, na mnapima bisfenoli S na F au A peke yake. Mtu anayejua kazi atakujibu bila kusita.

Kupima mkojo wako mwenyewe sikushauri utoe hela. Kwa sababu inatoka ndani ya siku moja, kipimo cha leo kinakwambia ulikula nini jana, kesho namba ni nyingine kabisa, na hakuna dawa utakayoandikiwa. Hela hiyo nunua chupa ya stilisi ya mtoto wa shule na kontena mbili za glasi.

Vyombo ulivyovitoa usichome na usimgawie jirani mwenye mtoto. Polikaboneti ni nzuri kwa vitu visivyoliwa. Zile chupa nne tulizitoa chuchu, wifi mwenyewe akachukua mbili, moja anawekea vifungo na nyingine sindano na pini, ziko juu ya cherehani yake, na mtoto anatimiza mwaka mwezi ujao, anakunywa uji kwa kikombe cha stilisi anachokigonga mezani asubuhi yote.